Niemann-Pick C: panya waliongezewa maisha, paka vilevile, kwa nini watoto bado wanasubiri?

Kipimajoto

Salaam kwenu nyote. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili katika bayokemia, na mada niliyopewa inahusu magonjwa ya kurithi ambamo lisosomu, yaani vile vifuko vya seli vinavyomeng'enya mabaki, hujaa vitu visivyopata njia ya kutokea. Nimechagua ugonjwa wa Niemann-Pick aina C, ambao humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa, na ambao hujitokeza pale tu mtoto anaporithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Kwa wagonjwa wapatao 95 katika kila 100 jeni hiyo ni NPC1, na waliosalia wana kasoro katika NPC2. Kolesteroli inayoingia ndani ya seli hukwama kwenye lisosomu, ini na wengu huvimba, kisha polepole mtoto hushindwa kupeleka macho juu na chini, hupepesuka anapotembea, humeza kwa shida, na akili yake hufifia.

Kinachonitatiza ni hiki. Nimesoma kwamba mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa sindano ya saiklodekstrini, ambayo ni sukari yenye umbo la pete, iliwaongezea maisha panya wenye ugonjwa huu na kupunguza kolesteroli iliyokwama katika viungo vyao. Baadaye paka nao wakatibiwa kwa mafanikio makubwa zaidi. Ilipofika mwaka 2018, majaribio makubwa ya dawa hiyo kwa watoto na vijana yakamalizika bila kuonyesha tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa. Je, vielelezo vya maabara, au modeli kama wengi tunavyoziita, vilitudanganya? Na kwa mwanafunzi asiye na banda la wanyama, mwenye hadubini ya mwanga wa mng'ao na kabati moja la kukuzia seli, ni kielelezo kipi kitakachompa jibu lenye maana? Msimamizi wangu anasema nianze na panya "kwa sababu kila mtu hutumia panya", nami sijaridhika na sababu hiyo.

Bibi Hadubini

Mwanangu Kipimajoto, hujakosea kutoridhika. Nimekuza seli kwa miaka mingi, na nimejifunza kumuuliza kila kijana anayekuja na kielelezo chake: hiki unachokishika, kimekosa nini hasa?

Tuanze na panya mwenyewe. Hakutengenezwa na mtu. Alizuka tu katika ukoo wa panya weupe wa aina ya BALB/c, pale ilipoonekana kwamba baadhi ya vitoto, vilivyozaliwa vikiwa na afya ya kawaida, vilianza kutetemeka na kupungua uzito vilipofikisha wiki sita au saba, na havikuvuka wiki kumi hadi kumi na mbili. Katika miaka ya 1980 Peter Pentchev na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliona kwamba seli za panya hao zilipokea kolesteroli lakini zikashindwa kuipeleka mahali inapobadilishwa na kuhifadhiwa, na kisha kasoro hiyo hiyo ikaonekana katika seli za ngozi za wagonjwa. Jeni ya NPC1 yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1997, kwa binadamu na kwa panya mwaka huo huo. Kwa hiyo panya huyu alitangulia jeni. Alitumika kuutafuta ugonjwa kabla hajatumika kuutafutia dawa, na hilo ndilo lililompa heshima aliyo nayo hadi leo.

Sasa angalia alichokosa. Kipande kigeni cha DNA kilijipachika katikati ya jeni yake na kuikata, hivi kwamba protini ya NPC1 inayofanya kazi haimo kabisa. Wagonjwa wengi hawako hivyo. Wengi wana badiliko la asidi amino moja tu kati ya 1,278 zinazounda protini hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni badiliko liitwalo I1061T, ambamo protini hutengenezwa, ila hukunjwa vibaya, nayo seli huigundua kuwa ni mbovu na kuivunja kabla haijafika kwenye lisosomu. Ukitaka kupima dawa inayoisaidia protini ijikunje sawasawa, panya wa zamani hana faida kwako hata kidogo, kwa sababu ndani yake hakuna cha kukunjwa. Ndiyo maana mwaka 2012 kulielezwa panya mwenye badiliko la D1005G, ambaye ugonjwa wake huenda polepole zaidi, na mwaka 2015 akafuata panya aliyepandikizwa badiliko lile lile la I1061T la binadamu. Msimamizi wako akisema "panya", muulize kwa adabu: yupi?

Kwa vifaa ulivyo navyo, seli za ngozi, yaani fibroblasti, zinakutosha kuanzia. Kwa miongo kadhaa zilikuwa ndiyo njia kuu ya kuthibitisha ugonjwa huu hospitalini: kipande kidogo cha ngozi, wiki kadhaa za kukuza, kisha rangi ya filipini, ambayo hujishikiza kwenye kolesteroli huru na kung'aa kibuluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Seli nzima ya mtu mwenye afya huonekana hafifu; ya mgonjwa hujaa nukta zinazowaka zilizozunguka kiini. Usipopata seli za mgonjwa, na hapa kwetu hutazipata kwa urahisi, kuna kemikali iitwayo U18666A ambayo huizuia protini ya NPC1 moja kwa moja, na seli zenye afya zikikaa nayo usiku mmoja huonyesha picha ile ile. Chunga kipimo tu, kwa maana ukizidisha huzuia pia vimeng'enya vinavyotengeneza kolesteroli, nawe utakuwa umeleta ugonjwa wa pili bila kujua.

Viumbe wadogo nitavipitia kwa haraka, ingawa mimi binafsi navipenda. Hamira ya mkate ina jeni iitwayo NCR1, ambayo ni ndugu wa NPC1. Ukiiondoa, hamira huendelea kukua bila taabu kubwa. Lakini ukiichukua protini yake na kuitia ndani ya seli za mnyama zilizokosa NPC1, kolesteroli iliyokwama huanza tena kusafiri. Mnyoo mdogo wa udongoni, C. elegans, ana jeni mbili za namna hiyo, na akizikosa zote mbili huingia katika hali ya kujikunyata anayoitumia wakati wa njaa hata kama chakula kimejaa. Inzi wa matunda akikosa yake hufa akiwa buu mchanga kwa kupungukiwa homoni ya kujivua ngozi, homoni ambayo hutengenezwa kutokana na kolesteroli, na ukimlisha kolesteroli ya ziada unaweza kumvusha. Hapo ndipo wengi tulipoelewa kwamba seli hizi zina njaa huku ghala limejaa. Mtu anayeuona ugonjwa huu kuwa ni "mafuta yamezidi" hajauelewa.

Mganga wa Wanyama, Arusha

Nimshukuru Bibi kwa maelezo yake, nami niongeze upande wa paka, kwa kuwa ndiye mnyama aliyesahauliwa katika mazungumzo mengi na ndiye aliyekaribia zaidi kusema ukweli.

Paka wenye Niemann-Pick C nao hawakutengenezwa na mtu. Walipatikana miongoni mwa paka wa kawaida wa majumbani, na baadaye ikajulikana kwamba jeni yao ya NPC1 ina badiliko la herufi moja tu, linaloweka asidi amino ya serini mahali pa sisteini kwenye nafasi ya 955. Maana yake ni kwamba paka anafanana na wagonjwa wengi kwa aina ya kasoro, jambo ambalo panya wa kwanza alilikosa. Asipotibiwa huanza kutetemeka kichwa na kuyumba akiwa bado mtoto, na kwa kawaida hufikia mwisho akiwa na takriban wiki 20. Katika serebela, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayosawazisha mwendo, seli kubwa za neva ziitwazo Purkinje hufa kwa mpangilio ambao umeonekana kwa panya na kwa binadamu pia: za mbele hutangulia, na zile za kijisehemu cha kumi, huku nyuma, husalia hadi mwisho. Kwa nini hizo za nyuma husalia ni swali linalostahili shahada yake peke yake.

Kuna jambo la ukubwa ambalo halitajwi vya kutosha. Saiklodekstrini ikichomwa chini ya ngozi huingia kwenye ubongo kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu ya kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na figo huitoa mwilini kwa haraka. Kwa panya walitumia dozi ya miligramu 4,000 kwa kila kilo ya uzito, kiasi ambacho ukikipeleka kwa mtoto wa kilo 20 kinakuwa gramu 80 kwa sindano moja. Kwa paka iliwezekana kufanya jambo jingine: kuchoma dawa moja kwa moja kwenye maji yanayouzunguka ubongo, kisogoni, chini kidogo ya serebela. Kazi iliyoongozwa na Charles Vite katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyochapishwa mwaka 2015, ilianza kuwatibu paka wakiwa na umri wa wiki tatu, kwa miligramu 120 kila baada ya siku 14, na paka hao walivuka kwa mbali umri ambao wenzao walikufa, huku wakiwa na dalili ndogo tu za kuyumba.

Ndugu Kipimajoto anauliza kama vielelezo vilidanganya. Kuhusu madhara, havikudanganya hata kidogo. Mwaka 2010 ilikwisha kuripotiwa kwamba saiklodekstrini inapunguza usikivu wa paka, na mwaka 2012 ikaonyeshwa kwa panya kwamba inaua seli za vinyweleo vya nje katika sikio la ndani. Ilipofika zamu ya binadamu, kupungua kwa usikivu ndiko kulikokuwa dhara kuu lililoonekana. Mnyama alisema, na familia zikaambiwa mapema, na waliokubali kujiunga na majaribio walikubali wakijua.

Kwa upande mwingine, tazama tena umri. Paka waliofanya vizuri walianza tiba kabla ya dalili. Waliotibiwa baada ya dalili kuanza, ugonjwa ulipunguzwa kasi tu. Panya wa 2009 alichomwa sindano akiwa na siku saba. Ubongo wa panya wa siku saba bado unajengwa, na kwa hesabu ya ukuaji unakaribiana na ubongo wa mtoto wa binadamu ambaye hajazaliwa au ndiyo kwanza azaliwe. Mtoto wa binadamu, kwa kawaida, hugunduliwa akiwa ameshaanza kuanguka darasani na ameshazungushwa hospitali kadhaa kwa miaka mingi. Tulimtibu mnyama ambaye nyumba yake haijashika moto, kisha tukashangaa mtoto ambaye paa lake limekwisha kuungua hakupata nafuu ile ile.

Niongeze neno moja la pembeni. Sipendi kusikia paka hawa wakiitwa "vifaa". Niliwahi kumhudumia paka wa nyumbani mwenye kutetemeka kama huko, japokuwa sababu yake ilikuwa nyingine, na nilichokiona kwa mwenye paka huyo si kitu cha kuandika kwenye jedwali.

Seli Shina

Kwa heshima ya wakubwa walionitangulia, naona tunang'ang'ania wanyama bila sababu. Tangu mwaka 2007 inawezekana kuichukua seli ya ngozi ya mgonjwa, kuirudisha katika hali ya seli shina, yaani seli changa inayoweza kugeuka kuwa seli ya aina nyingine, kisha kuielekeza iwe neva. Neva hiyo ina jeni zote za mgonjwa yule yule, ina badiliko lake hasa, na hujaza kolesteroli kama inavyotarajiwa. Zaidi ya hapo, siku hizi mtu anaweza kulirekebisha badiliko hilo kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri DNA, na kupata seli mbili zinazotofautiana kwa herufi moja tu ya DNA, ulinganisho ambao hakuna panya wala paka atakayekupa. Kwa nini tuendelee kuhesabu siku za kufa za wanyama?

Bibi Hadubini

Mwanangu Seli Shina, nusu ya unayosema nakubaliana nayo, na laiti ningekuwa kijana ningefanya kazi hiyo hiyo. Nusu ya pili ina tatizo. Unapoirudisha seli nyuma hadi kuwa seli shina, unafuta pia umri wake, hivyo neva unayoipata ni changa kama ya kijusi hata kama ngozi ilitoka kwa mtu wa miaka 30. Ugonjwa tunaouzungumzia unaweza kuchukua miaka kumi au ishirini kabla ya kumwangusha mtu, nawe neva yako unaitunza kwa wiki kadhaa. Isitoshe, sahani yako haina ini wala wengu, haina mishipa ya damu, haina sikio. Madhara ya usikivu aliyoyataja Mganga usingeyaona kamwe kwenye sahani.

Kuna somo la zamani linaloonyesha kwa nini mwili mzima unahitajika. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ukipunguza kolesteroli ya damu utapunguza ugonjwa. Wagonjwa wakapewa dawa za kupunguza kolesteroli, na kweli damu na ini vikabadilika. Mfumo wa neva haukunufaika. Kwa panya nako, kuwaondolea kipokezi kinachoingiza kolesteroli ya damu ndani ya seli hakukuuokoa ubongo. Ubongo hujitengenezea kolesteroli yake wenyewe, na wala hauitegemei ile ya kwenye damu. Fibroblasti ya ngozi isingekwambia hilo, kwa kuwa fibroblasti hula chochote kilichomo kwenye majimaji unayoimiminia.

Mto Semliki

Naandika kutoka upande wa mpakani mwa Uganda na Kongo, na nilitaka kuongeza kisa ambacho kwetu kina uzito wa pekee. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalichapisha katika jarida la Nature kwamba virusi vya Ebola haviwezi kuingia katika seli bila ya protini hii hii ya NPC1. Kundi moja lilifika hapo kwa kutumia seli za binadamu zenye nakala moja tu ya kila kromosomu, likaharibu jeni moja baada ya nyingine bila kuchagua, kisha likatazama ni seli zipi zinazosalimika. Zilizosalimika zilikuwa zimekosa NPC1, au jeni nyingine zinazohusika na kazi za lisosomu.

Uthibitisho ukatoka katika vielelezo vile vile mnavyovijadili hapa. Fibroblasti za wagonjwa wa Niemann-Pick C, zilizokuzwa kwa madhumuni mengine kabisa, zilikataa kuambukizwa. Panya wenye nakala moja nzima na moja mbovu ya jeni hiyo, ambao hawaugui, walinusurika zaidi ya wenzao walipopewa kirusi kilichozoezwa kuishi ndani ya panya. Kirusi hiki huingia kwanza kwenye kifuko ndani ya seli, vimeng'enya humnyoa sehemu ya juu ya protini yake, na hapo ndipo anapoweza kushika NPC1 kama ufunguo unaoingia kitasani. Watu wa Yambuku kule Kongo, walikopatikana baadhi ya wagonjwa wa kwanza wa Ebola kutambuliwa mwaka 1976, na watu wa Bundibugyo, Uganda, walioipata Ebola mwaka 2007, hawakuwa na habari ya ugonjwa wa watoto wachache wa Ulaya na Marekani. Lakini seli za ngozi za watoto hao ndizo zilizosaidia kuuonyesha mlango.

Kwa hiyo, Kipimajoto, msimamizi wako akikuuliza ugonjwa adimu namna hiyo una faida gani kwetu Afrika Mashariki, jibu unalo.

Takwimu na Subira

Nimeifuatilia mada hii tangu ilipofunguliwa, nami nitajibu sehemu ya swali ambayo haijaguswa, yaani majaribio ya binadamu yenyewe. Kusema kwamba yalionyesha dawa haifanyi kazi ni kusema zaidi ya yalichoonyesha.

Awamu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2017, ilihusisha wagonjwa 14 waliochomwa saiklodekstrini mgongoni kila mwezi, na kasi ya ugonjwa wao ikalinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wa zamani ambao hawakupata dawa hiyo. Ilionekana kuwa imepungua. Katika awamu iliyofuata ukawekwa ulinganisho wa kweli, ambamo baadhi walichomwa dawa na wengine wakafanyiwa utaratibu wa kuigiza tu, kwa muda wa wiki 52. Lililotokea ni kwamba hata kundi lisilopata dawa halikuzorota kama ilivyotarajiwa. Ukiwa na kundi linganishi ambalo halikushuka, huna namna ya kuonyesha kwamba kundi la dawa limezuiwa kushuka.

Hapa ndipo tofauti ya panya na mtoto inapouma. Panya wote wa jaribio ni kama pacha mmoja aliyezidishwa: jeni zile zile, umri ule ule, chakula kile kile, na wote watakufa ndani ya wiki chache zinazojulikana. Watoto walikuja na mabadiliko tofauti ya jeni, umri tofauti, wengi wakiwa tayari wanatumia miglustati, dawa iliyoidhinishwa Ulaya kwa ugonjwa huu mwaka 2009, na ugonjwa wao hupimwa kwa alama za kumeza, kutembea, kusema na kushika vitu, alama ambazo kwa mtoto mmoja zinaweza kukaa pale pale mwaka mzima. Panya hupimwa kwa kufa. Hakuna kipimo kilicho wazi kuliko hicho, nacho hatuwezi wala hatupaswi kukitumia kwa mtoto.

Pia si kila dawa ilipitia njia ya kutoka sahani, kwenda panya, kwenda paka, hadi kwa mtu. Mwezi wa Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa mbili za ugonjwa huu ndani ya wiki moja. Ya kwanza, arimoklomoli, hutumiwa pamoja na miglustati, na ilikuwa imejaribiwa kwanza katika seli na panya kwa sababu huamsha protini za kulinda zinazosaidia protini nyingine kujikunja. Ya pili, levasetilleusini, ina ukoo wa ajabu: dawa ya jamii yake ilikuwa ikitumika Ufaransa kwa miongo mingi kutibu kizunguzungu, madaktari wakawapa wagonjwa wenye kuyumba na kuona nafuu, na ushahidi wa kina wa panya ukaja baadaye. Jaribio lake kubwa lilikuwa na wagonjwa 60, na kila mmoja alitumia dawa kwa wiki 12 na dawa bandia kwa wiki 12 nyingine, kwa hiyo kila mtu alilinganishwa na nafsi yake. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa ugonjwa ambao hakuna wagonjwa wawili wanaofanana.

Ukitaka mfano wa kielelezo kilichofaulu bila ubishi, usiutafute kwenye tiba. Utazame kwenye kipimo. Kolesteroli iliyokwama huchakaa kwa kushambuliwa na oksijeni na kutoa oksisteroli. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba oksisteroli hizo hupanda katika damu ya wagonjwa na pia katika panya wenye ugonjwa, na kutokana na hilo kikapatikana kipimo cha damu, ambacho kimepunguza haja ya kukata ngozi na kusubiri wiki kadhaa za kukuza seli. Nikiunganisha na hoja ya Mganga kuhusu umri, naona hilo ndilo jambo kubwa zaidi lililotoka kwa panya: kama dawa hufanya kazi ikitolewa mapema tu, basi anayegundua mapema amefanya nusu ya kazi ya dawa.

Kipimajoto

Shikamoo Bibi Hadubini, na shukrani nyingi kwa wote. Nimebadilisha pendekezo langu. Nitatumia fibroblasti za kawaida pamoja na U18666A, na swali langu halitakuwa tena kama saiklodekstrini inaondoa kolesteroli, kwa kuwa hilo linajulikana, bali kama seli iliyokaa na kolesteroli iliyokwama kwa siku moja hupona sawa na iliyokaa nayo kwa siku kumi. Najua siku kumi za fibroblasti si miaka kumi ya ubongo, na nitaliandika hilo katika ukurasa wa kwanza. Je, kuna kosa ambalo wanafunzi hulifanya hapa na ambalo ningeweza kuliepuka?

Bibi Hadubini

Marahaba mwanangu. Makosa ni mawili, na yote mawili nimeyafanya mimi mwenyewe. Kwanza, filipini hufifia upesi mno chini ya mwanga, kwa hiyo ukiitazama sahani ya kwanza kwa dakika tano huku unatafuta picha nzuri, na ya mwisho kwa sekunde kumi, utakuwa umepima uvumilivu wako badala ya kolesteroli. Funika sahani zako kwa karatasi ya fedha, weka muda mmoja wa kupiga picha kwa zote, na mwombe mwenzako azipe namba ili usijue ipi ni ipi. Pili, saiklodekstrini hunyonya kolesteroli kutoka kwenye utando wa nje wa seli pia, si kwenye lisosomu peke yake, na seli iliyonyonywa hivyo inaweza kuonekana safi huku inakufa. Kwa hiyo weka kundi moja la seli linalopata saiklodekstrini iliyokwisha kujazwa kolesteroli, ambayo haina nafasi ya kunyonya zaidi, na uhesabu seli zilizo hai katika kila kundi kabla hujaitazama picha hata moja.